Siku ya mapumziko Tabora katikati ya safari ya Bagamoyo hadi Ujiji: moja inatosha?

Mwalimu Mwendapole aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na kwa likizo tatu sasa nimekuwa nikiitembea kwa miguu, kipande kwa kipande, ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, yenye urefu wa kama kilomita 1,200. Kipande cha kwanza kiliishia Mpwapwa, cha pili Kilimatinde, na hiki cha tatu nimekianzia hapo Kilimatinde nikiwa na shemeji yangu. Tumepita Manyoni na Itigi, tumeuvuka ule msitu mrefu ambao wapagazi waliuita Mgunda Mkali, na ninaandika haya tukiwa Tura. Kwa hesabu yetu tutaingia Tabora baada ya siku tano, tukiwa tumetembea siku kumi na sita bila kupumzika siku nzima hata mara moja.

Tumetenga siku moja tu ya kukaa mjini, kisha tuendelee hadi Urambo, kiasi cha kilomita 90 hivi, ambako tutapanda treni ya kurudi nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Katika siku hiyo moja tunakusudia kufua nguo zote, kumpelekea fundi buti la shemeji ambalo soli yake imefunguka mbele kama mdomo wa kambare, kununua chakula cha siku tano, kwenda Kwihara kwa miguu kulitazama tembe alilokaa mmisionari Livingstone, kumsalimia mama mdogo wa mke wangu anayeishi Cheyo, na kulala mapema.

Ninachoogopa ni kurudia kosa nililolifanya Mpwapwa. Pale nilijipa siku ya mapumziko, lakini kwa kuwa mji ulikuwa mgeni kwangu nilizunguka tangu asubuhi mpaka magharibi nikiwa na kandambili, nikapanda na vilima viwili vya jirani kwa ajili ya kupiga picha. Kesho yake kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kiasi kwamba kiatu hakikuingia, na badala ya kuendelea na siku mbili nilizokuwa nimezipanga baada ya pale, nilirudi nyumbani kwa basi.

Naomba ushauri wa wenyeji na wa waliowahi kutembea masafa marefu: siku moja inatosha? Je, kwenda Kwihara kwa miguu kutaharibu mapumziko? Sipendi kuipita Kwihara kwa pikipiki, maana mtu anayesema ameitembea njia ya misafara halafu akaenda Kwihara kwa bodaboda atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

---

Mzee wa Kanyenye alijibu:

Mwalimu, karibu Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora, wewe na shemeji yako. Nimezihesabu shughuli zako nikapata sita, na ya Kwihara peke yake ni mwendo usiopungua kilomita 12 kwenda na kurudi, yaani zaidi ya nusu ya mnachotembea siku ya kawaida mkiwa safarini. Ukiongeza mizunguko ya sokoni na Cheyo, utakuta siku hiyo mmetembea karibu sawa na siku nyingine, tofauti ikiwa kwamba hamkusogea hata hatua moja kuelekea Urambo.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu saa ya kuingia mjini. Msifike Tabora jioni. Usiku wa mwisho laleni kijiji kilichobakiza kilomita nane au kumi, mpige hodi kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji kama ninavyoamini mmekuwa mkifanya kila mahali, kisha asubuhi mwondoke mapema ili saa nne muwe mmekwisha kufika mjini. Mkifanya hivyo, siku ya kuwasili ndiyo itakayobeba kazi zote. Buti lipelekeni kwa fundi hata kabla ya kutafuta gesti, kwa sababu fundi anayejua kazi yake atapaka gundi, ataibana soli, ataiacha ilale mpaka kesho, na ndipo ataishona kwa uzi mnene uliopakwa nta kuzunguka ukingo wote. Anayekurudishia kiatu baada ya nusu saa amekupaka gundi tu, na gundi hiyo haitafika Usoke. Nguo zifuliwe mchana huohuo, maana jua la Juni hapa linakausha vizuri lakini usiku ni baridi, na nguo iliyoanikwa jioni utaivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Sokoni nendeni alasiri. Hapo siku inayofuata itabaki tupu kabisa, na mtu aliyelala nyumba ya wageni usiku wa kwanza na wa pili huku siku ya katikati haina shughuli yoyote, huyo ndiye aliyepumzika.

Kuhusu Kwihara, sioni kwa nini umeiweka katika siku ya mapumziko. Ipo kusini-magharibi ya mji, nanyi mnaelekea magharibi. Ifanyeni kituo cha kwanza cha mwendo unaofuata: ondokeni mjini asubuhi na mizigo yenu mgongoni, mfike Kwihara kabla jua halijawa kali, mlitazame tembe na makumbusho yaliyomo kwa utulivu, mlale jirani, na kesho yake mzishike njia za vijijini mpaka mrudi kwenye barabara ya Urambo. Mtaongeza kilomita chache, lakini siku ya kwanza baada ya mapumziko inafaa kuwa fupi hata hivyo, kwa sababu viungo vilivyolala siku nzima huamka vikiwa vigumu kuliko vilivyochoka.

Nawe kama mwalimu utaniruhusu nitoke nje ya swali kidogo. Hakuna msafara uliowahi kupita hapa kwa siku moja. Mpagazi aliyetoka pwani alikuwa amebeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, ukiacha mkeka wake na chungu chake, na mara nyingi mapatano yake ya kazi yaliishia hapahapa Unyanyembe, hivyo mwenye msafara alilazimika kutafuta watu wapya. Kama alifika wakati wa mvua, basi alisubiri, maana Mnyamwezi msimu huo alikuwa shambani kwake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliingia tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu pwani, wakakaa zaidi ya mwezi. Mwandishi wa habari Stanley alifika Juni 1871 akaondoka Septemba, kwa sababu vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa hapa vilikuwa vimeifunga njia ya moja kwa moja ya Ujiji, na alipoondoka alilazimika kuzunguka kusini. Livingstone naye, baada ya kuachana na Stanley tarehe 14 Machi 1872, alibaki Kwihara akingoja watu aliotumiwa kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano, Mwalimu, kwenye hilohilo tembe unalotaka kuliona kwa saa moja kisha ukimbilie sokoni.

Simaanishi mkae miezi. Tabora ina ugonjwa wake wa pili, wa mtu kuzoea kivuli cha miembe na chai ya asubuhi akaanza kuahirisha safari. Usiku mbili, siku moja tupu katikati, basi.

---

Mtembezi wa Uvinza alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuuvuka Mgunda Mkali. Mimi natofautiana kidogo na mzee wangu wa Kanyenye, na ninamwomba radhi kwa hilo. Nimetembea mara mbili kati ya Kaliua na Ujiji, na nilichokiona ni kwamba siku nzima ya kulala mjini hunitoa kwenye mwendo: nakula kupita kiasi, nakesha nikipiga simu kwa kuwa mtandao upo, na asubuhi ya kuondoka mzigo huonekana mzito maradufu, wakati uzito wake ni uleule isipokuwa chakula nilichoongeza. Siku hizi napumzika nusu siku kila baada ya siku nne. Natembea tangu saa kumi na mbili hadi saa tano, kisha nasimama hapo hapo nilipo, hata kama ni kijiji chenye kisima kimoja na duka moja.

Hata hivyo nakubali kwamba baada ya siku kumi na sita mfululizo deni lenu limeshakuwa kubwa, na nusu siku haitalilipa.

Jambo la kuingia mjini asubuhi naliunga mkono kabisa, na wenye misafara walikuwa na namna yake. Waliiita terekeza: mnapika na kula mchana penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka alasiri, mnalala mahali pasipo maji, na asubuhi inayofuata mnaufikia mji au kisima mapema. Walilazimika kufanya hivyo kwenye sehemu kavu, lakini nyinyi mnaweza kuitumia siku ya mwisho ili kupunguza mwendo wa asubuhi. Tahadhari moja tu: msiifupishe kwa kufuata tuta la reli. Hairuhusiwi, tena treni za mizigo hazina saa.

---

Muuguzi wa Isevya alijibu:

Habari zenu nyote, na shikamoo mzee wetu wa Kanyenye. Mwalimu, wenzangu wamezungumza kuhusu saa na siku, nami nitazungumza kuhusu miguu, kwa kuwa ulichokisema juu ya Mpwapwa kimenitia wasiwasi.

Mkishafika gesti, vueni viatu, ng'oeni soli za ndani, na vyote viwekeni kivulini penye upepo. Msivianike juani na msivikaribishe kwenye jiko la mkaa, kwa sababu joto kali huilegeza gundi na kuikakamaza ngozi. Osheni miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikausheni hadi katikati ya vidole, kisha kaeni na miguu imeinuliwa juu ya mto au mzigo kwa muda. Lengelenge dogo lisilouma liacheni. Likiwa kubwa na linauma, litobolewe ukingoni kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye moto, maji yatoke, lakini ile ngozi ya juu msiichune, maana ndiyo bandeji bora kuliko zote zilizopo dukani. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuzizungusha pembeni.

Kifundo chako cha kushoto kichunguze siku ya mapumziko ukiwa umetulia. Maumivu yaliyosambaa kwenye msuli, yanayopungua baada ya kulala, ni uchovu. Maumivu ya mahali pamoja ambapo unaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, juu ya mfupa, yanayobaki palepale hata baada ya siku nzima ya kupumzika, yanahitaji kuonwa na daktari kabla hujaenda popote, kwa kuwa mfupa unaweza kupata ufa mdogo kwa kutembea tu, bila kuanguka. Tafadhali usimeze dawa za maumivu asubuhi ili uweze kuondoka. Dawa hiyo itakufikisha porini, na huko ndiko utakakojua ulikuwa na nini.

Vilevile, mmoja wenu akipata homa, baridi ya mwili au kichwa kuuma mkiwa hapa mjini, asiseme ni uchovu wa safari. Apime malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua dakika chache tu, na kutoka Tabora kwenda Urambo mtakuwa mbali na mahali pa kupimwa kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani mkiangalia ramani.

Jambo la mwisho, ambalo wageni hulisahau. Nguo zenu zina rangi gani? Misitu ya miombo mnayoiendea ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu iliyoiva na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wanauma mchana, hupenya hata shati jepesi, na ugonjwa wa malale umewahi kuripotiwa katika mkoa wetu na wa Kigoma. Kama shati lako ni la bluu, tumia dakika kumi kwenye mitumba ununue la kaki au la rangi ya udongo, lenye mikono mirefu na kitambaa kizito.

---

Mwalimu Mwendapole aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, na dada Muuguzi, ahsante sana. Mashati yetu yote mawili ni ya bluu. Tuliyanunua pamoja, tukajiona tumependeza. Sasa naelewa kwa nini tangu Itigi tumekuwa tukiliwa namna ile huku wachunga ng'ombe tunaopishana nao wakitushangaa. Tutafuata mpango wa kuingia saa nne na Kwihara tutaipeleka mbele. Swali dogo limebaki: chakula gani cha kununua Tabora ambacho ni chepesi na hakihitaji kuni nyingi?

---

Mzee wa Kanyenye alijibu:

Marahaba, Mwalimu. Hapa umeuliza penyewe. Nunueni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Tofauti hiyo ni muhimu kwenu, kwa sababu michembe lazima ipikwe, ilhali matobolwa mtu anaweza kuyatafuna akiwa anatembea, ingawa meno yawe mazuri. Changanyeni na karanga zilizokaangwa. Chukueni dagaa wa Kigoma waliokauka sawasawa, wasiovunjika unga, na asali nusu lita kwa watu wawili, kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya mfuko mwingine. Asali iliyomwagika kwenye mzigo wa mtu aendaye msituni itawaita nyuki wote wa Uyui. Na mkikuta mizinga imetundikwa mitini, pumzikeni mbali nayo, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani.

Wewe Mtembezi wa Uvinza sijakukasirikia. Ukifika umri wangu nusu siku haitakutosha.

---

Mwalimu Mwendapole aliandika:

Ninawaandikia kutoka Urambo, siku saba baada ya kuondoka mjini, tukisubiri treni. Tumeona si vizuri kuchukua ushauri wa watu bila kuwarudishia habari.

Tuliingia Tabora saa nne kasorobo. Fundi wa viatu karibu na soko alilipindua buti la shemeji, akalinusa, akaitoa soli nzima kwa mikono miwili bila kutumia kifaa chochote, akasema hiyo gundi ya mwanzo haikuwa gundi. Alitaka buti lilale, kama mzee alivyotabiri, hivyo shemeji alishinda mjini na kandambili, jambo lililomzuia kuzurura na likamsaidia kuliko ushauri wangu wote. Gesti hatukulala. Mama mdogo aliposikia tunataka kulipia kitanda wakati yeye yupo Cheyo alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu, na tukaelewa. Alitupikia ugali na kisamvu cha karanga, akaiona miguu yetu, akaagiza beseni la maji ya moto kabla hata hatujaulizana habari za nyumbani.

Siku iliyofuata shemeji alilala mpaka saa saba mchana. Mimi, ambaye niliianzisha mada hii, sikuweza. Saa tatu nilijiambia nakwenda stesheni kuuliza ratiba tu, kisha nikaona nipite kulitazama lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni hoteli, na nilipotazama simu nilikuwa nimetembea kilomita nne na nusu. Nilirudi nikakaa chini ya mwembe nyumbani kwa mama mdogo mpaka jioni, nikihesabu michembe. Kifundo kilikuwa kizima. Nilikibonyeza kila mahali na sikupata sehemu moja inayouma.

Kwihara tulifika siku ya tatu asubuhi, mizigo ikiwa mgongoni, na ninafurahi tulikwenda hivyo. Lile tembe lina kuta nene na ndani ni baridi kidogo, na mtu aliyetoka kutembea anakaa kwenye kivuli chake kwa namna ambayo aliyeshuka kwenye gari hatakaa. Nilimwambia shemeji habari ya ile miezi mitano, akauliza mzee wa watu alikuwa akila nini muda wote huo.

Mashati ya kaki yalisaidia. Mbung'o walikuwepo, hasa baada ya Usoke, lakini walitusumbua kwa kadiri ya wanavyowasumbua watu wengine. Matobolwa yaliisha siku ya tatu, kwa kuwa tulikuwa tukiyatafuna bila njaa.

Kuhusu viatu, buti la shemeji limefika Urambo likiwa na uzi wake wote. Langu, ambalo sikulipeleka kwa fundi kwa sababu halikuwa na tatizo, liliachia soli jana mchana, kilomita kumi na moja kabla ya mji, na nimeingia stesheni nikiwa nimelifunga kwa kamba ya katani. Kipande cha Urambo hadi Ujiji kitakuwa Juni ijayo, Mungu akipenda, na nitafurahi kama Mtembezi wa Uvinza atanieleza mapema kuhusu kuvuka mto Malagarasi.